Ng'ombe Aliyetolewa Bila Kamba

Asubuhi niliyotoka Mukendo, pale Musoma mjini, bila kujua nitaishia wapi, nilikuwa nimejitwisha kinanda kichwani kama mzigo wa kuni. Mbele yangu alitembea mzee mmoja mwenye kamba ya ng'ombe mkononi, ambaye alikuwa ameapa kutoongea nami mpaka tufike kwake. Kwake ni wapi hasa, sikujua. Nilijua tu kwamba ni upande wa Butiama. Sikuchukua hata kanga ya kubadilisha.

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya kutafuta fedha za muziki inavyofanywa, kwa kuwa mimi nimepumzika na sasa ninyi ndio mnaobeba mafaili. Nimejaribu kuanza na mipango na bajeti, nikashindwa. Shule niliiacha darasa la tano kule Kiriba, siku ambayo gari la wauza vyombo lilipita na mimi nikalifuata kujua linakwenda wapi. Lilikwenda Bunda. Tangu hapo nimeuza samaki, nimewapikia wachimba dhahabu, nimefua mashuka ya gesti, na sijawahi kukaa mahali mpaka mbegu niliyopanda ikaota. Kwa hiyo nitawaelekeza kazi hii kama ninavyoijua, kwa kuzunguka.

Kwenye muziki niliingia kwa masikio. Nilikuwa napita Mukendo na beseni la sambusa nikasikia tarumbeta likilia vibaya mno, nikaingia ndani kuangalia ni nani anayeumizwa. Hapo ndipo nilipomkuta Mwalimu Bwire, mpiga kinanda wa kanisa aliyestaafu, amekaa na vijana aliowaokota mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Walikuwa vijana wa kuiba nyavu na kunywa gongo asubuhi. Kila mmoja alikuwa amepewa mlezi wake, mtu mzima anayejua muziki. Mlezi huyo alitakiwa kumfundisha kupiga, lakini pia alitakiwa kujua kijana amelala wapi jana na amekula nini leo. Nikauliza nani analipa nauli za walezi. Nikauliza kwa nini tarumbeta lina kiraka. Nikauliza kwa nini wasichana ni wachache. Sambusa zikapoa.

"Mama, wewe unaulizaga sana," Mwalimu Bwire akaniambia. "Kwa nini usiende ukawaulize matajiri?"

Ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Andiko letu la kwanza la kuomba msaada liliandikwa na kijana mmoja wa chuo, na lilijaa maneno marefu. Wegesa, binti wa miaka kumi na saba aliyetoka kumimina gongo kwenye kibanda cha shangazi yake, alilisoma huku ameinua nyusi.

"Mama Nyangeta, hapa wameandika vijana katika mazingira hatarishi. Hatari ni sisi, au sisi ndio tuko hatarini?"

"Inategemea nani anasoma," nikamwambia. "Wenye maduka tutawaambia la kwanza. Mapadri tutawaambia la pili."

"Na mimi mwenyewe nishike lipi?"

"Wewe shika kinanda."

Somo langu la kwanza lilikuwa Kibara. Niliandaa harambee kubwa, nikakodi viti na spika, nikaalika wavuvi wote. Walikuja, wakapiga makofi, wakacheza, na kapu likarudi na vifungo viwili vya shati. Nilikuwa nimechagua siku ya mbalamwezi kwa sababu niliona watu watarudi nyumbani bila kujikwaa. Nami nimezaliwa Kiriba! Mtoto yeyote wa ziwani anajua kwamba dagaa huvuliwa kwenye giza, na mwezi ukiwa mkubwa mvuvi hana kitu isipokuwa muda. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nyavu alinihurumia. "Dada, umekuja kukamua ng'ombe aliyekauka," akasema. Basi andikeni mahali: wavuvi waendeeni siku zile mbili tatu giza linapokwisha, wakati mfuko bado umejaa na usingizi umekwisha. Walimu waendeeni mwisho wa mwezi. Mgeni rasmi mpeni kiti chenye mikono, na msimpe kipaza sauti kabla hajatoa bahasha. Bunda nilimpa mmoja kipaza sauti kwanza, akahutubia mpaka wachangiaji wakaenda kulisha kuku.

Jambo gumu kuliko yote ni kwamba watu hutoa kwa ajili ya kitu kinachoshikika. Mwambie mtu, "Changia ngoma," ataigonga kwa kidole na kutoa. Mwambie, "Changia mlezi akae na Wegesa Jumanne na Alhamisi," atakuangalia kama umeomba nauli ya kwenda mbinguni. Kukaa na mtoto hakupigwi picha. Kwa hiyo mimi niliuza ngoma, niliuza nyuzi, niliuza spika, halafu ulezi tukauingiza humo kimyakimya, kama mama anavyoficha dawa kwenye uji. Nilijiona mjanja sana.

Sasa niwarudishe kwa mzee mwenye kamba.

Miaka mitatu kabla ya asubuhi ile nilikwenda kuomba kwenye kanisa moja la kijijini upande wa Butiama. Mnajua mnada wa baada ya misa. Watu wameleta mavuno yao, yananadiwa uwanjani, mtu ananunua jogoo kisha anamrudisha anadiwe tena, jogoo mmoja anauzwa mara nne na bado anakwenda nyumbani na mwenyewe. Nilipomaliza kuwaeleza habari za vijana wetu, akasimama Mzee Wambura, mrefu, mwembamba, koti la suti juu na gambuti chini. Akaleta mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akasema ni kwa ajili ya watoto wa muziki. Akina mama wakapiga vigelegele. Akafungua kamba shingoni mwa yule mtamba, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Mimi nilidhani mzee ni bahili wa kamba. Nikakata mgomba, nikasokota kamba ya maganda, nikamswaga mtamba mpaka mnadani Bunda, nikamuuza, na siku ya pili tukanunua kinanda cha mtumba chenye meno yote. Barua ya shukrani tuliandika. Alijibu kwa kutuma mtu kuuliza kama mtamba anakula vizuri. Nikajibu anakula vizuri sana. Nilidhani ni utani wa wazee.

Sisi wa ziwani ukimpa mtu samaki umempa, analiwa, habari imekwisha. Hakuna anayekuja baadaye kuuliza habari za sato wake. Lakini kwa wafugaji wale ng'ombe ana njia mbili za kutoka zizini. Anayekupa kabisa anakupa na kamba yake. Anayemwekesha kwako anaondoka na kamba. Wewe utakunywa maziwa, utachukua samadi, lakini ng'ombe ni wake, na akizaa utampelekea habari. Watu wote pale uwanjani waliona kamba inaingia mfukoni. Walielewa. Asiyeelewa alikuwa mmoja, na ndiye aliyepewa ng'ombe.

Kwa hiyo Alhamisi ile alfajiri Mzee Wambura alikuwa mlangoni kwetu Mukendo, ametandaza kamba magotini.

"Nimekuja kuchukua ndama wangu," akasema. "Miaka tatu. Hata kama ni mvivu, atakuwa amezaa hata mmoja."

Nilimkaribisha chai. Akakataa chai. Nikamweleza, taratibu, kwa sauti ya kumwambia mtu msiba, kwamba ng'ombe alikwenda Bunda na akawa kinanda.

Akaikunja kamba magotini. "Kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akakizunguka. Akakigusa ubavuni kama mtu anayepima mnofu.

"Basi nachukua ng'ombe yangu. Na wewe ndiye utaileta. Aliyewekewa ndiye anarudisha."

Sasa eleweni nilivyobanwa. Kilikuwa kinanda pekee tulichonacho. Jumapili ile Wegesa alikuwa anakwenda kujaribiwa Bunda, kwenye kanisa lililotaka mpiga kinanda wa kulipwa kila mwezi, kazi ya kwanza ya maisha yake isiyonuka gongo. Na walikuwa wamemwambia aje na kinanda chake, kwa sababu panya walikula nyaya za kinanda cha kanisa. Bila kinanda hakuna Bunda, na bila Bunda shangazi yake alikuwa amekwisha kumwambia kibanda kina nafasi. Mwalimu Bwire alikuwa kitandani na mgongo. Nilimtumia Wegesa ujumbe mfupi, "Nimetoka na kinanda kidogo, narudi," nikakijitwisha, nikamfuata mzee. Mpango sikuwa nao. Nilitumaini mpango ungenipita njiani.

Shingo yangu ilikata tamaa kabla hatujamaliza mji. Nikasimamisha pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo. Mzee alikubali kwa shingo upande, ila alipanda nyuma pamoja na kinanda, akakifunga kamba kiunoni, akaishika ncha yake mpaka mwisho wa safari. Tukipunguza mwendo watu walikuwa wanauliza.

"Mzee, umefunga nini?"

"Ng'ombe."

"Mbona bapa?"

"Ilikaa na watu wa ziwani."

Hayo hakuniambia mimi. Mimi bado alikuwa haongei nami.

Pale Makutano dereva alisimama kuongeza mafuta. Watu wakazunguka, na mimi nikapatwa na tamaa ya zamani ya kazi. Nikanunua dukani betri sita kubwa za redio, nikazitia. Mzee akahesabu kwa macho. "Na inakula sita kwa mkupuo," akamnong'oneza dereva. Nikabonyeza kile kitufe chekundu cha pembeni, kinachofanya kinanda kipige chenyewe wimbo wa kiwandani, ngoma, besi, filimbi na kila kitu. Kitufe hicho kilinichangia nusu ya fedha zangu zote. Watoto wakaanza kuruka. Muuza mahindi akacheza na hindi mkononi. Mzee Wambura akasogea, akainamisha sikio, akasahau kiapo.

"Hii inalia yenyewe? Hakuna mtu?"

"Yenyewe, baba!" nikasema kwa fahari. "Ukibonyeza tu."

"Kumbe." Akafikiri. "Sasa hao walezi mnawalipiaga nauli ya nini?"

Dereva alicheka mpaka akamwaga mafuta. Vijana, kitufe hicho kifunikeni kwa plasta. Miaka yote nilikuwa naonyesha watu kwamba muziki hauhitaji binadamu, halafu nawaomba fedha za binadamu.

Tulifika kwa mzee jua likiwa bado kali. Ni boma lenye nyumba ya bati, jiko la nyasi, zizi la miiba, na mawe makubwa ya mviringo nyuma kana kwamba mtu aliyasahau pale. Habari zilikuwa zimetutangulia kwa simu, maana majirani walikuwa wamekwisha kukaa. Mambo ya ng'ombe kule hayasemwi na watu wawili. Aliyeongoza ni Mzee Kisiri, jirani mwenye sauti ya kukwaruza na kiti chake mwenyewe alichokuja nacho. Dereva wetu nilikuwa nimemlipa, lakini hakuondoka. Alisema anataka kusikia hukumu kwanza.

Kinanda kikawekwa juu ya gunia katikati. Mke wa mzee, Bibi Wakuru, akakiletea maji ya kunywa kwa mzaha, watu wakacheka, hata mimi.

"Mama wa ziwani," Mzee Kisiri akaanza, "ulipokea ng'ombe hapa?"

"Nilipokea, baba."

"Na kamba?"

"Sikupewa."

Watu wakaguna. Hilo peke yake lilikuwa nusu ya kesi.

"Maziwa mlikunywa?"

Nikafikiri maziwa ya kinanda ni yapi. "Vijana wanapiga kwenye harusi," nikasema. "Kinachopatikana tunanunulia unga na nauli."

"Hayo ni maziwa. Ni haki yenu. Hatudai maziwa." Akageuka kwa Mzee Wambura, naye akatikisa kichwa kwamba hadai. "Sasa tuambie. Imezaa au haikuzaa?"

Hapo nilipima. Nikisema haikuzaa, ni tasa, na ng'ombe tasa mwenyewe humchukua akamfanya anavyotaka. Nikisema imezaa, nionyeshe ndama.

"Imezaa kumi na moja," nikasema.

Kelele! Mzee mmoja alisimama akakaa tena. Mzee Wambura akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile uso kwa uso.

"Kumi na moja kwa miaka tatu? Hii ni ng'ombe au ni kitimoto?"

"Ni watu, baba. Vijana kumi na moja waliokuwa hawajui kitu, sasa wanapiga."

"Walete nione."

"Watu wana wazazi wao, baba. Siwezi kuwafunga kamba."

"Maneno," akasema Mzee Kisiri. "Ndama anaonekana. Basi wewe mwenyewe pigapiga kidogo, tusikie huo uzao."

Hapa ndipo nilipoaibika, na nawaambia ili msije mkaficha kama nilivyoficha. Nimeombea muziki fedha Musoma yote na Bunda yote, nimesimama mbele ya wakubwa na wadogo, na sijui kupiga hata wimbo wa kitoto. Nikawaambia hivyo.

"Kwa hiyo," Mzee Kisiri akasema polepole ili asipoteze utamu, "wewe ni mfugaji asiyejua kukamua."

Walicheka mpaka kuku wakahama. Dereva wangu akapiga goti la Mzee Kisiri kabisa, kama wamejuana utotoni. Na mimi nikiwa nimekaa pale naungua uso, simu ikalia. Ilikuwa Wegesa.

"Mama, kinanda kiko wapi? Narudi kwenye mazoezi nakuta meza tupu! Kidogo yako ndiyo hii?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza akaanza kukasirika. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza sauti ya simu ili wote wasikie.

"Wegesa, niko kwa wenye kinanda. Wazee wanakusikiliza. Wanasema hakuna mtu aliyejifunza chochote. Waambie."

Akashusha sauti. Halafu, "Shikamooni wazee."

"Marahaba!" boma zima.

"Kuna mtu hapo hajawahi kugusa kinanda?"

Wote walikuwa hawajawahi. Lakini Bibi Wakuru, ambaye ndiye huanzisha nyimbo kwenye jumuiya yao, alikuwa amekisogelea na kuinama kama mtu anayechambua mchele. Nikasema yupo bibi.

"Bibi, unaona vyeusi viwili vimekaa pamoja, na vingine vitatu vimekaa pamoja?"

"Naviona, mjukuu wangu."

"Shika vile viwili. Kushoto kwao, chini, kuna cheupe. Hapo ndipo nyumbani. Bonyeza, usikiogope."

Bibi akabonyeza. Kikalia. Akarudisha kidole kama ameungua, kisha akabonyeza tena.

"Umefika nyumbani. Sasa panda hatua moja kulia. Moja tena. Sasa rudi nyumbani. Umekosea, bibi, umeruka. Hapana, usiombe radhi, mimi nilikosea hapohapo mwezi mzima, Mwalimu Bwire akawa ananiletea muhogo ili nisiache. Anza tena."

Bibi akaanza tena. Mara ya nne zikatoka sauti nne safi, za kupanda na kushuka, na yeye mwenyewe akaziimbia juu, kwa sauti ile nyembamba ya asubuhi za misa, akatia maneno ya kwao ambayo mimi siyajui. Wanawake wawili wakaitikia. Mzee Wambura aliishusha kamba chini taratibu. Nilikuwa nimeuza ngoma na spika miaka yote kwa kuamini kukaa na mtoto hakuonekani, na hapo palikuwa na watu zaidi ya ishirini wanaona kwa macho yao kukaa huko kukitokea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Vizuri, bibi! Sasa mkono wa kushoto, tafuta," Wegesa akasema, na simu ikakata. Salio lake lilikuwa limekwisha.

"Mrudishe!" Bibi Wakuru akafoka, kidole bado hewani. "Mkono wa kushoto nipeleke wapi?"

Kila mtu akanigeukia. Sikuwa na salio. Dereva hakuwa na salio, wala majirani. Mzee Kisiri akasema kwa muda huu atatoa hukumu.

Alisema hivi. Ng'ombe amezaa, imesikika. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, kwa hiyo yule binti aje kijijini Jumapili hii afundishe watoto wanaoshinda senta wakicheza kamari, na bibi huyu ambaye mkono wake wa kushoto umeachwa njia panda.

Nikaomba kusema. Nikawaeleza habari za Bunda na Jumapili na shangazi na kibanda, bila ujanja wowote, bila ngoma ya kuficha ndani yake. Nikasema mnaomba binti aje Jumapili hii, na hiyohiyo ndiyo Jumapili yake.

Mzee Wambura alikuna kidevu. "Kwa hiyo mnataka ndama aende Bunda. Na mama yake pia aende Bunda. Na mimi nibaki na kamba."

"Binti atakuja, baba. Akishapata kazi ana siku za katikati ya wiki."

"Wewe uliniambia anakula vizuri sana."

Ni kweli nilisema. Mzee aliinama, akakifungua kinanda ile kamba kiunoni, nikadhani sasa anakiingiza ndani. Akamkabidhi dereva kinanda.

"Kipeleke Musoma leo hii," akamwambia. "Ukikiangusha, nitakuja kwako na kamba hii." Kisha akanigeukia. "Wewe utabaki. Mpaka ndama afike, wewe ndiye umewekwa hapa."

"Mimi? Mimi sijui hata kupiga!"

"Tumeona. Utakusanya watoto. Kuuliza si unajua? Kauliza nani anataka."

Niwaambie kabisa kabla sijasahau: Jumapili ile Wegesa alipiga. Wimbo wa sadaka aliuanza juu mno, wanakwaya wakabanwa koo, lakini hakuacha, akaushusha katikati ya ubeti kama mtu anayeshusha ndoo kichwani, na wakamchukua kwa sababu hiyo. Alhamisi iliyofuata alikuja kijijini, na Alhamisi nyingi baadaye. Kamba bado iko kwa mzee. Hakutupatia, na mimi sikuomba tena. Kinanda kikiwa na mwenyewe anayekiulizia kila mwezi kinatunzwa kuliko cha zawadi, na tangu hapo kila mfadhili nilimwomba aweke, asitoe, aje kuangalia. Hilo mkilishika, mengine yote ya humu mnaweza kuyachana.

Lakini jioni ile sikuwa najua lolote kati ya hayo. Pikipiki iliondoka na kinanda changu, vumbi likatulia, majirani wakabeba viti vyao. Nilibaki uwanjani na pochi na pakiti tupu ya betri. Mahali pengi nimelala katika maisha haya, kwenye magunia ya dagaa, kwenye gesti niliyofulia mashuka, lakini kila mahali ni mimi nilichagua kukaa na mimi nilichagua saa ya kuondoka. Hakuna mtu aliyewahi kunizuia.

Bibi Wakuru alinipa kanga yake moja na maji ya moto ya kuoga. Baadaye akanipeleka kwenye chumba cha pembeni, chenye kitanda cha kamba na msalaba wa mbao, ambamo wajukuu wa kike walikuwa wamekwisha kupanga mito.

"Utalala na hawa," akasema. "Unapenda upande wa mlango au wa ukuta?"

Siku zote nalalaga upande wa mlango, ili kukicha nisimwamshe mtu nikitoka. Niliutazama mlango. Nikafikiria ule mkono wa kushoto ulioachwa hewani.

"Ukutani, mama," nikasema.

Kwamba nyuma ya ukuta huo ndipo walipolala mbuzi, hilo hakuniambia.